Mashine Iliyomjua Mama

Asubuhi zetu za shambani zina utaratibu wake. Mama anaamka kwanza, anapuliza moto chini ya dungu, anabandika chai ya mchaichai, anasogeza kwenye majivu viazi vilivyobaki jana. Mimi nabaki juu ya dungu, jukwaa letu la miti lenye paa la nyasi, ambapo ukikaa unauona mpunga wote mpaka kwenye matete. Chai ikichemka Mama hapandi ngazi kuniamsha wala hagongi nguzo. Ananiita. Niko juu ya kichwa chake kabisa, nikinyoosha mkono naweza kumvua kilemba, lakini yeye ananiita kwa sauti ya mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya mto.

"Detaaa! Chai!"

Siku ile, alipoita tu, makopo yakalia.

Yalilia yote, shamba zima. Kamba zilizotoka kwenye dungu kwenda kila pembe zilivutwa, zikaachiwa, zikavutwa tena, na makopo ya maziwa na ya nyanya tuliyoyatia kokoto yakapiga kelele kama harusi inapita. Mama alibaki amesimama na kikombe mkononi. Mimi nikatazama angani, nikatazama mpunga. Hakukuwa na ndege hata mmoja.

"Wako wapi?" Mama akauliza.

"Sijawaona."

"Labda yenyewe imewaona. Sisi macho yetu bado yana usingizi." Akageukia upande wa matete, akaweka kiganja juu ya macho, akatafuta. Kisha akaniita tena, safari hii si kwa ajili ya chai. "Detaaa!"

Makopo yakalia tena.

Nilishuka ngazi. Mambo mengi huwa nayaelewa polepole, nikiwa peke yangu, watu wakishaondoka. Hili nililielewa kabla sijafika chini, na sikutaka kulielewa.

Mashine ile ilikuwa projekti yangu ya mwaka wa tatu. Nasoma sayansi ya kompyuta. Ndani ya ndoo ndogo iliyokuwa ya rangi nilikuwa nimeweka kompyuta isiyozidi kiganja, maikrofoni na betri inayochajiwa kwa jua. Pembeni nilifunga mota ya waipa ya gari, niliyoipata kwa mafundi wanaochinja magari mabovu. Kazi yake ilikuwa moja tu: isikie kweleakwelea wakishuka shambani, ivute kamba, makopo yalie, ndege waondoke, na Mama akae chini. Tangu nikiwa mdogo, mwezi wa tano ukifika mwisho Mama anakuwa amekauka sauti kabisa, anaongea na sisi kwa mikono. Alijaribu kunifundisha nimpokee. "Sauti haitoki kooni, inatoka hapa," alikuwa akisema, anajipiga tumbo kwa kiganja. Yangu haikutoka kooni wala tumboni. Ndege walinitazama tu wakaendelea kula, na mwisho nikapewa kazi ya kuvuta kamba. Niliingia chuoni nikiwa na jambo hilo kichwani. Sikumwambia mtu, kwa sababu mimi siambii watu mambo, lakini ndilo nililoingia nalo.

Sasa, kompyuta haijui ndege. Unaifundisha. Unaipa sauti nyingi, unaiambia hizi zina ndege, hizi hazina. Haikuulizi swali. Inatafuta yenyewe tofauti iliyopo kati ya fungu hili na lile, na ikiipata inaishikilia. Sauti nilizoifundishia alizirekodi Mama mwenyewe, mpunga ulipoanza kutia maziwa, mimi nikiwa chuoni. Nilikuwa nimemwachia simu na maelekezo: ndege wakija bonyeza hapa, shamba likiwa limetulia bonyeza pale. Alifanya kwa uaminifu mkubwa. Kila ndege walipokuja alibonyeza, halafu akafanya kile anachofanya siku zote ndege wakija.

Na pale tulipokuwa tumesimama, wakaja wenyewe. Kundi liliinuka kutoka kwenye matete, likajikunja angani kama shuka linalokung'utwa, likashuka kwenye mpunga wetu. Niliitazama ndoo. Ndoo ilikaa kimya. Mama alisubiri, kwa heshima ya mashine, kiasi cha kumeza mate, kisha akashindwa.

"Eyaaa-hii! Nendeni kwenu, nyie! Kwenu hakupikwi?"

Makopo yakalia kwa furaha. Ndege wakaruka.

Mashine yangu haikuwa imejifunza ndege. Ilikuwa imejifunza Mama.

Shamba linalopakana na letu ni la akina Ngusa, Wasukuma waliohamia bondeni na ng'ombe wao kabla mimi sijaanza shule, na siku hizi wanalima mpunga kama sisi. Ngusa mwenyewe, kijana wa rika langu, alikuwa juu ya dungu lake na alikuwa ameona yote.

"Mwangaluka, injinia," akapaza sauti. "Kumbe hicho chombo kikimsikia mama kinamsaidia kelele."

"Mwangaluka," nikajibu. Sidhani kama alinisikia.

"Kwetu usilete. Mama yetu mpole, kitalala mpaka mavuno."

Mama alicheka mpaka akakaa kwenye gogo. "Yaani mwanangu, miezi yote hiyo chuoni ulikuwa unanisomea mimi?"

Nikacheka naye kidogo. Kisha nikapanda dungu nikajifanya nakagua nyaya, ili asinione usoni.

Unaweza kuuliza, zile sauti sikuzisikiliza? Nilizisikiliza zote. Nilizisikiliza hosteli, nimejifunika shuka, wenzangu wakiwa wametoka. Nilikuwa nasikia shamba, upepo, moto ukipasuka, Mama akiwatukana ndege kama mashemeji waliokaa mno. Sikumhesabu kama kelele. Mtu hasikii sauti ya nyumbani kwao kama kitu kilichoongezwa. Nilidhani hilo ndilo shamba lenyewe.

Mtandao kule bondeni unapatikana kwenye pembe moja ya dungu, ile inayoelekea kijiji cha Mbingu, na lazima usimame. Nilikuwa bado na bisibisi mkononi simu ilipoita. Alikuwa Mwalimu Edward, supavaiza wangu.

"Bernadeta, mbona husikiki? Ongeza sauti. Mashine imefikia wapi?"

"Ina tatizo kidogo, Mwalimu."

Nikamweleza. Nikamsikia anacheka, si kwa ubaya, alicheka kama mtu anayesimuliwa habari za mtoto.

"Nilikwambia ndege ni wa watu wa kilimo. Una sauti nyingine, ambazo mama hayumo?"

"Sina."

"Na mnavuna lini?"

"Kombaini imeshaanza mashamba ya juu. Kwetu inafika keshokutwa."

"Mkivuna ndege wanabaki?"

"Wanaondoka, Mwalimu."

"Sasa nisikilize, binti yangu. Ule mfumo wa maktaba aliouacha Rosemery mwaka jana upo. Unabadilisha rangi, unaongeza kurasa mbili tatu, unamaliza salama. Wasichana wangu wote wamemaliza na maktaba, na hakuna aliyelia mbele ya jopo. Kesho asubuhi nipe jibu niandikishe mada yako, dirisha linafungwa."

"Sawa, Mwalimu," nikasema. "Nitafikiria."

Nilikuwa nimemaanisha hapana.

Ndivyo nilivyo. Hapana inanijaa mdomoni, lakini ikitoka inatoka sawa. Darasani kwetu wasichana tukikaa benchi moja tunaenea. Kwenye kazi za kikundi wavulana wanachukua programu, sisi tunaachiwa ripoti, kwa sababu eti tuna mwandiko mzuri, kana kwamba ripoti bado zinaandikwa kwa kalamu. Mwaka wa kwanza niliandika ripoti zao, kisha nikaandika upya programu zao pia, peke yangu, kwa ajili ya kuona tu. Zilifanya kazi haraka kuliko zile walizosahihishiwa. Nikazifuta nisije nikaonekana najidai. Nimefuta vingi namna hiyo. Mfumo wa maktaba wa Rosemery naujua, aliurithi kwa mwingine, na yule kwa mwingine. Ni maktaba ambayo haijawahi kuazimisha kitabu hata kimoja. Hapana. Hii ya ndege sikuwa tayari kuifuta.

Mpaka jua likawa kali nilikuwa kwenye kompyuta yangu, najaribu kumtoa Mama kwenye sauti zile. Haikuwezekana. Kila nilipomkata yeye, ndege nao walikatika, kwa sababu Mama akifungua kinywa wao wanaruka. Nilibaki na upepo. Dawa ilikuwa moja na niliijua. Ndege waje, watue, wale kwa utulivu, na mtu asitoe sauti yoyote, niwarekodi wao peke yao. Asubuhi moja ingetosha kuanzia. Lakini shamba moja likinyamaza, kila ndege anayefukuzwa kwenye mashamba ya jirani anakuja hapo, na hilo hata mtoto wa bondeni analijua.

Na ningelazimika kumwambia Mama anyamaze.

Kwetu mtu hamwambii mama yake nyamaza. Unaweza kulipamba na naomba, na tafadhali, bado ni lilelile. Maisha yangu yote nimelisikia likielekezwa kwa watoto wadogo na kwa mbwa. Kwa hiyo nilizunguka.

"Mama," nikaanza, tukichambua mboga mchana, "kesho si uende Kibaoni ukaangalie nyumba yetu? Mvua zile, labda paa limeachia."

"Paa lina nini?"

"Hapana, nasema labda."

"Mpunga umeiva, ndege wamejaa, mimi nikaangalie labda?"

Nikachambua mboga kidogo. "Au upumzike tu kesho. Ulale. Koo lako."

Aliacha kuchambua. "Umeona nimezeeka, eh?"

"Hapana, Mama."

"Ningekuwa nimezeeka mashine yako isingenisikia." Akachukua ungo akaondoka nao, na nikajua nimemuumiza bila hata kumwomba nililotaka kumwomba.

Jioni alikuja Baba Mdogo Apolinari na baiskeli yake. Ndiye mdogo wake baba. Baba anafanya kazi kwenye mashamba ya miwa kule Kidatu, anakuja mwisho wa mwezi, na shamba la mpunga amemwachia mdogo wake aliangalie. Nilimpa shikamoo, akaitikia huku anaitazama ile ndoo, midomo imembana. Ngusa alikuwa ameshamsimulia njiani.

"Nasikia umetengeneza redio ya shemeji yangu," akasema.

Nikamweleza kosa lilikotokea. Kwake ilikuwa rahisi kidogo kusema, sijui kwa nini. Labda kwa sababu nilijua atakataa. Nikamwambia nahitaji asubuhi ya kesho, shamba likae kimya.

Alikaa kwanza. "Ngoja nielewe. Ulikuja na mashine ya kufukuza ndege. Sasa unataka tuwakaribishe. Tuwatandikie na mkeka?"

"Ni asubuhi moja, Baba Mdogo."

"Na huyo mwalimu wako hana kitu kingine cha kukupa?"

"Anataka nichukue mfumo wa maktaba."

"Hiyo maktaba ina ndege?"

"Haina."

"Inakula mpunga?"

"Haili."

"Basi mbona unatutafutia njaa, mama? Chukua maktaba umalize. Unajua asubuhi moja ya kweleakwelea wewe? Umekaa chuo umesahau. Kaka akija akakuta mabua, nimwambie binti yako alikuwa anawarekodi?" Akamgeukia Mama, aliyekuwa anamimina chai. "Shemeji, kesho mapema nakuja na kombeo langu. Huyu msimpe nafasi ya mchezo."

Mama akampa kikombe. Hakujibu, na kwa Mama hiyo ilikuwa ajabu. Baba Mdogo akanywa, akatuaga, akapanda baiskeli yake kurudi.

Tulipokuwa tunasafisha vyombo Mama akasema, bila kuniangalia, "Kwa hiyo tatizo la mashine ni mimi."

"Si wewe, Mama."

"Nafungua mdomo, inanisikia mimi."

"Ni zile kelele tu."

"Kelele zangu."

Hapo ndipo ningelisema. Nafasi ilikuwa wazi kama mlango. Nikasema, "Tukalale, Mama," nikabeba sufuria.

Asubuhi iliyofuata hapakuwa na chai. Niliamka kabla yake, nikazima mota ili makopo yasilie, nikafungua maikrofoni, nikaona kitaa cha kijani kinawaka. Jua lilikuwa limegusa vilele vya Udzungwa tu, bondeni bado kulikuwa na kijivu. Mama alipanda ngazi akaja kukaa pembeni yangu, amejifunga kanga kifuani, tayari kwa kazi yake.

Kundi likainuka kwenye matete.

Mama akavuta pumzi. Naijua ile pumzi, nimelala juu yake nikiwa mtoto wa mgongoni. Inaanzia chini kabisa, inaupanua mgongo, na ikishafika juu hairudishiki. Niliisikia inapanda. Nikafikiria maktaba isiyo na kitabu. Nikafikiria ripoti zote, na jinsi ambavyo ningekaa mbele ya jopo nikieleza kazi ya Rosemery kwa sauti ambayo wangeniambia niiongeze.

"Mama, nyamaza."

Lilitoka zima, halikuwa na naomba mbele wala nyuma. Mama akanigeukia. Ile pumzi ikamtoka taratibu kupitia puani.

"Umesemaje?" Alinong'ona. Sikuwahi kumsikia Mama akinong'ona.

"Nyamaza, Mama," nikarudia, kwa kunong'ona pia, na machozi yalikuwa yameshafika lakini sikuyafuta. "Usiite, usikohoe, usiwatukane. Waache watue wale. Nataka niwasikie wao. Watakachokula kitoke kwenye sahani yangu mwaka mzima, sitalalamika."

Alinitazama kwa muda. Sikuinamisha macho, na hilo nalo halikuwa la kawaida yangu. Kisha akachukua ncha ya kanga yake, akaikunja, akaiuma kwa meno.

Ndege wakatua.

Nimekulia shamba lile na sikuwa nimewahi kusikia wanavyosikika wasipofukuzwa. Ilikuwa kama manyunyu juu ya majani makavu, na ndani ya manyunyu hayo kulikuwa na milio midogo midogo isiyoisha, kila mmoja anamwambia mwenzake jambo. Mama naye hakuwa amewahi kuwasikia. Misimu yote ile alikuwa akijisikia yeye. Niliona uso wake unabadilika, akasogeza sikio. Kisha akaanza kuongea nami kwa mikono, lugha yake ya mwisho wa mwezi wa tano: wengi. Akaonyesha tumbo, akalipanua: wanakula hao, jamani, wanakula. Akanionyesha kidole: wewe. Nikakubali kwa kichwa. Ndiyo, mimi.

Shamba la pili Ngusa alikuwa anapiga mayowe, na ndege wake wakaja kwetu kuongeza wenzao. Alipoona mpunga wetu umefunikwa na sisi wawili tumekaa tu, akanyamaza. Alituangalia sana. Halafu yeye naye akaketi kwenye dungu lake na kujishika mdomo kwa mikono yote miwili, sijui kwa mshangao au kwa kunisaidia. Sikumuuliza, na mpaka leo anasema ni kwa kunisaidia.

Suke baada ya suke lilikuwa linainama na kuinuka likiwa jepesi. Sitadanganya kwamba haikuniuma. Kila lililoinuka nililiona. Lakini kitaa cha kijani kilikuwa kinawaka, na kadiri kilivyowaka ndivyo nilivyozidi kuwa na hakika kwamba sitainuka pale kukizima kwa sababu ya mtu yeyote.

Baba Mdogo akatokea kwenye njia na baiskeli. Aliliona shamba kabla ya kutuona sisi. Baiskeli ikaanguka upande wake, kombeo likatoka mfukoni, tayari na donge la udongo. Alikuwa anafungua kinywa.

Sijui Mama alishukaje ngazi. Alishuka bila ngazi kulia, akakimbia kwenye tuta peku, kanga bado iko menoni, akamfikia shemeji yake kabla mkono haujazunguka. Kwa mkono mmoja akashika kamba ya kombeo. Kwa mwingine, kiganja kizima, akamziba mdomo.

Walisimama hivyo. Baba Mdogo ni mtu mzima, ana mvi, na nadhani hajazibwa mdomo tangu anyonye. Mama alipoondoa kiganja, Baba Mdogo alisema kwa kunong'ona, na hata yeye alionekana kushangaa kwamba amenong'ona.

"Shemeji, umepata wazimu?"

Mama akatikisa kichwa. Akanionyesha mimi juu ya dungu, akaonyesha sikio lake, akaonyesha ndege. Kisha akajionyesha mwenyewe, akapiga kifua mara moja, akazungusha mkono juu ya mpunga wote. Nani aliupanda. Nani aliupalilia. Baba Mdogo alimwelewa, kwa sababu alitazama chini. Mama hakuiachia kamba ya kombeo, naye hakuivuta.

Simu yangu ikatetemeka kwenye mbao. Mwalimu Edward. Nikaiacha itetemeke mpaka ikachoka. Ndege waliendelea, mimi niliendelea, mwanga wa jua ukashuka milimani mpaka ukafika kwetu na mgongo ukaanza kupata joto. Nilipoona nina kiasi ambacho kompyuta ingeweza kujifunzia kitu, nilifunga maikrofoni. Kitaa kikazima. Ndege hawakujua, waliendelea kula.

Simu ikatetemeka tena. Nikaenda kwenye pembe inayoelekea Mbingu, nikasimama.

"Bernadeta, nakupigia hupokei. Nina fomu hapa mbele yangu. Niandike maktaba?"

"Mwalimu," nikasema.

"Husikiki."

"Mwalimu, mimi..."

"Husikiki kabisa, binti yangu. Ongeza sauti. Niandike maktaba, sawa?"

Kule chini Mama alikuwa ananitazama. Baba Mdogo pembeni yake, kombeo likining'inia kati yao. Ngusa kwenye dungu lake. Mama alikuwa bado hajaitoa kanga mdomoni, hakuna aliyekuwa amemwambia sasa anaweza kuongea. Aliinua kiganja chake akajipiga tumbo. Hapa.

Nikavuta pumzi. Ikaanzia mahali ambapo haikuwahi kuanzia, ikaupanua mgongo wangu, ikapanda, na ilipofika juu haikuwa na njia ya kurudi.

"Hapana, Mwalimu," nikasema, na kundi zima likaruka kutoka kwenye mpunga, Baba Mdogo akainamisha kichwa lisimpige. "Maktaba siitaki. Mada yangu ni ndege, nitaitetea mwenyewe mbele ya jopo, na kama ni kuanguka, nianguke na ya kwangu."